Masafa ya Umma Yalindwe

Wapo wasemao kwamba Serikali haina haki ya kumwekea mtu mpaka katika mawimbi ya redio, kwani hewani hapana ua wala shamba la mtu. Sisi hatukubaliani nao. Mwaka 1985 Serikali ya Marekani ilifungua masafa ya megahezi 2,400 hadi 2,483.5 kwa mawasiliano ya watu wote bila leseni, kwa masharti, mojawapo likiwa nguvu ya mtambo isizidi wati 1. Katika nchi za Ulaya mpaka ni mdogo zaidi, sehemu ya kumi ya wati. Kwa masafa hayo leo mfanyakazi na tajiri hupata intaneti nyumbani bila kuomba ruhusa.

Je, sharti hilo likiondolewa, nani atafaidika? Ni mwenye fedha za kununua mtambo mkubwa, ambao mawimbi yake yatameza ya majirani wote. Kwa hiyo mpaka huo ni ngao ya mnyonge. Lakini Serikali nayo isigeuke dalali: masafa yaliyokwisha kuwa ya umma hapana budi yabaki ya umma.