Mende Hajui Mpaka wa Chumba

Kiswahili kimempa mdudu huyu majina mawili: mende na kombamwiko. Jina la pili ni darasa tosha. Kukomba ni kukwangua chakula hadi kisibaki kitu. Mwiko ni ule wa kusongea ugali. Jina lenyewe, basi, linatueleza anakopata riziki yake: katika vyombo vilivyolala bila kuoshwa. Hata hivyo, mwiko una maana nyingine, yaani jambo lililokatazwa. Katika nyumba zetu nyingi, kumtaja mende mbele ya jirani kumekuwa mwiko wa namna hiyo. Hoja yangu leo ni kwamba aibu hiyo ndiyo inayomlea mende kuliko makombo ya ugali.

Tazama vile vyumba vya kupanga vilivyoungana kuta, ambavyo hapa Uganda tunaviita mizigo. Familia sita au kumi huishi chini ya paa moja na hutumia choo kimoja na mtaro mmoja. Mama wa chumba cha kwanza anaona mende, anaona haya, ananunua dawa kimyakimya na kuipuliza usiku. Wanaokufa ni wale waliokuwa mbele ya macho yake. Waliosalia hupenya kwenye nyufa na uwazi wa dari, wakahamia chumba cha pili. Baada ya wiki moja jirani naye anapuliza, kimyakimya vilevile, na wageni wanarudi walikotoka. Hatupigani na mende, tunapokezana mende. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Kitavunjaje mende?

Ni vyema tumjue adui tunayemkabili. Wapo mende wadogo wa kahawia, wenye urefu wa sentimita moja na nusu hivi, wanaopenda jikoni na nyuma ya makabati. Jike mmoja hubeba kifuko chenye mayai 30 hadi 40, na dawa ya kupuliza haikipenyi kifuko hicho kwa urahisi. Ndiyo maana nyumba iliyopulizwa leo huweza kujaa tena baada ya wiki chache. Wapo pia mende wakubwa, wenye sentimita nne hivi, wanaotoka vyooni na mitaroni. Hao wote wanaweza kukaa wiki kadhaa bila chakula, lakini bila maji hawadumu. Anayefuta meza na kuacha beseni la maji machafu hadi asubuhi amefunga mlango na kuacha dirisha wazi.

Madhara yao si kero ya macho tu. Mende hutoka chooni na kutembea juu ya sahani, akibeba vijidudu vinavyosababisha kuhara. Kinyesi chake na magamba anayojivua huwa vumbi linaloweza kuamsha pumu, hasa kwa watoto.

Yako madhara mengine, nayo tunajiletea wenyewe. Mitaani hupita wachuuzi wenye vipaza sauti wakiuza sumu ya panya, kunguni na mende. Nyingine haina lebo, nyingine imemiminwa katika chupa iliyokuwa ya soda. Mtoto asiyejua kusoma ataitofautishaje na kinywaji? Mzazi ajuaye kusoma naye atasoma nini ikiwa hakuna kilichoandikwa? Sumu isiyo na jina isiingie nyumbani mwako, hata ikiwa rahisi namna gani.

Tufanye nini, basi? Wapangaji wakutane na wachague siku moja, vyumba vyote vifanyiwe kazi kwa pamoja. Vyombo vioshwe kabla ya kulala, unga na sukari vifunikwe, maganda ya matoke yatolewe nje, na mabeseni yakaushwe. Maboksi yaliyorundikwa yaondolewe, maana ndiyo makao yao. Kisha nyufa zizibwe kwa saruji. Hapa methali ya usipoziba ufa utajenga ukuta haihitaji tafsiri. Badala ya kupuliza ovyo, tumia chambo: asidi ya boriki iliyochanganywa na sukari na unga kidogo, iwekwe katika vifuniko vya chupa nyuma ya makabati, mahali ambapo mtoto na kuku hawafiki. Nayo pia ni sumu, kwa hiyo vaa glavu na unawe mikono. Haiui papo hapo, bali mende hula na kwenda kufia mafichoni. Usipulize dawa karibu na chambo, kwa kuwa utawafukuza wasikile. Rudieni ukaguzi kila baada ya wiki mbili hadi wasionekane tena.

Najua wapo watakaosema: mtaro umeziba, choo kimejaa, ukuta umepasuka, na mwenye nyumba hupokea kodi tu. Malalamiko hayo ni ya haki. Ibara ya 39 ya Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inatambua haki ya kila raia kuishi katika mazingira safi yenye afya, na Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji ya mwaka 2022 haimruhusu mtu kupangisha makazi yasiyofaa kuishi binadamu. Mpangaji mmoja akilalamika, huambiwa ahame. Wapangaji kumi wakiandika barua moja na kuipeleka kwa mwenye nyumba, kisha nakala kwa mwenyekiti wa LC 1, si rahisi kuwaambia wote wahame. Lakini Katiba hiyohiyo, katika Ibara ya 17, inamtaka raia naye alinde usafi wa mazingira. Hatuwezi kudai mtaro uzibuliwe huku tukimimina humo mabaki ya maharage.

Ndugu msomaji, uraia haufanyiki siku ya kupiga kura pekee. Unafanyika pia pale unapobisha hodi kwa jirani na kumwambia bila haya, "Ndugu yangu, kwangu kuna mende, je, kwako?" Aghalabu atashusha pumzi, kwa sababu naye alikuwa akiwaficha. Hapo mwiko umevunjika, na kazi imeanza.