Mshipa umezibuliwa, je, damu inafika kidoleni?

Mzee mmoja mwenye ugonjwa wa kisukari alinijia mwaka jana akiwa na kidonda kwenye kidole gumba cha mguu. Majuma sita kabla ya hapo alikuwa amezibuliwa mshipa wa pajani na kutiwa stenti, yaani kile kijibomba cha waya kinachouzuia mshipa usizibe tena. Jamaa zake walifanya harambee kulipia matibabu hayo. Walionyeshwa picha ya eksirei, damu ikipita vizuri, wakaambiwa kazi imekwisha. Hata hivyo, kidonda kilizidi kuwa cheusi.

Nilitafuta katika karatasi zake presha ya damu ya mguuni. Haikuwapo, si ya kabla wala ya baada.

Hapo ndipo nina ugomvi nasi madaktari. Picha ya pajani huonyesha kwamba njia imefunguka pajani. Haisemi ni damu kiasi gani inayofika kidoleni, na hiyo ndiyo inayoponya kidonda. Kwa wagonjwa wa kisukari, aghalabu mishipa inayoziba ni ile iliyo chini ya goti.

Kipimo cha kwanza ni rahisi. Presha hupimwa mkononi na kwenye kifundo cha mguu kwa mkanda wa kawaida, pamoja na chombo kidogo cha Dopla kinachosikiliza mwendo wa damu. Presha ya kifundo ikigawanywa kwa ile ya mkono, mtu mwenye afya hupata kati ya 1.0 na 1.4. Ikiwa 0.9 au chini, mshipa una kasoro. Lakini jihadhari! Kisukari cha miaka mingi, hali kadhalika maradhi ya figo, huikausha mishipa ya kifundo ikawa migumu, mkanda ukashindwa kuibana, na hesabu ikatoka kubwa kuliko ukweli. Mzee wangu alipata 1.5. Asiyejua angempongeza.

Ndiyo sababu nilimtuma akapimwe kidole chenyewe, kwa mkanda mdogo unaovishwa kidoleni, kwa maana mishipa ya hapo haikakamai upesi hivyo. Presha ya kidole ikiwa chini ya milimita 30 za zebaki, kidonda ni vigumu kupona. Ikifika 60 na zaidi, huenda shida si damu bali ni usaha au kiatu kinachobana. Viwango hivi vimo katika mpango wa kukadiria hatari ya mguu kukatwa, uliotolewa mwaka 2014 na chama cha wapasuaji wa mishipa cha Marekani.

Yake ilikuwa 24. Alirudishwa hospitalini, akazibuliwa mshipa wa chini ya goti. Kidole tulikipoteza; mguu anao.

Kipimo cha siku moja hakitoshi pia. Hewa ya oksijeni katika ngozi ya mguu huweza kuendelea kupanda kwa majuma matatu au manne baada ya mshipa kufunguliwa, na stenti nayo huweza kuziba baadaye. Kwa hivyo, wewe au mzazi wako akitiwa stenti mguuni, taka uandikiwe kwenye kadi presha ya kidole ya kabla, ya baada, na ya mwezi mmoja baadaye. Ikiwa hospitali hiyo haina mkanda wa kidole, uliza ni wapi unapatikana kabla hujatoka wodini.