Mwana wa Watu Yuko Riyadh, Nanyi Mnamuuzia Picha

KAULI YA KISAUNI
Na Mwana wa Mtopanga

  Nilichokiona Jumanne kimenikosesha usingizi, na nisipokisema leo kitanikaba.

Nilipita Bombolulu, nyuma kidogo ya barabara ya Malindi, kumjulia hali bibi mmoja ambaye mtaa mzima tunamwita shangazi. Nilimkuta kasimama ndani ya nyumba yake mpya. Nyumba yenyewe kwa sasa ni msingi na kozi tatu za mawe. Kavua viatu, leso kaifunga kiunoni, anapima chumba chake cha kulala kwa nyayo, mguu mbele ya mguu, toka ukuta mpaka ukuta. Alipofika mwisho akaniuliza: "Mwanangu, kitanda changu kitakaa wapi humu?"

Kitanda chake ni sita kwa sita, cha mvule, alichoolewa nacho. Nikamwomba fundi tepu. Upana wa chumba, ukitoa plasta inayokuja, ni mita 2 na sentimita 40. Kitanda pamoja na mbao zake ni sentimita 190. Zinabaki 50. Ubao wa mlango una sentimita 80 na unafungukia ndani, ubavuni mwa kitanda. Kwa hiyo mlango utagonga kitanda kabla haujafika nusu ya njia, na bibi wa miaka sabini ataingia chumbani kwake kwa ubavu mpaka siku atakayokufa. Hilo la kufa alilitaja mwenyewe. Aliitazama korido, futi 3 na kona mbili, akasema, "Na jeneza je? Watalitoa dirishani?"

Nikaomba kuiona ramani. Fundi akatoa simu mfukoni.

Ramani ilikuwa hiyo: picha saba za WhatsApp. Nyumba nyeupe wakati wa machweo. Vioo vya buluu, ambavyo nimevisema mpaka sauti imekauka, na sitaacha. Nyasi za kijani pande zote nne, minazi, gari jeusi limeegeshwa mlangoni. Chumba cha kulala kina kitanda chenye mito ya rangi ya waridi na nafasi ya kucheza mpira. Katika picha zote saba hamna namba hata moja. Hakuna futi, hakuna mita, hakuna mshale wa kaskazini. Fundi aliambiwa ajenge "kama ilivyo kwenye picha", naye akajenga kwa jicho.

Aliyeagiza nyumba hii ni binti wa shangazi. Yuko Riyadh, anafanya kazi za nyumbani, mkataba wa pili sasa. Alimpata kijana mmoja mwenye duka la kompyuta huku kwetu, akamtumia shilingi 15,000, akatumiwa picha. Alizikubali usiku wa manane akiwa jikoni mwa tajiri wake, kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, huku analia kwa furaha. Mama yake ndiye aliyenihadithia. Msichana yule amewanyanyua wazee wasio wake na kufua shuka zisizo zake ili mama yake alale pazuri, na sisi tuliobaki nyumbani tumemuuzia machweo.

Nikaenda dukani kwa kijana. Ni kijana wa adabu, alinipa kiti, akaniita mzee, akafungua kazi yake bila kuficha. Hapo ndipo hasira yangu ilipopata miguu, kwa sababu programu aliyoitumia ni nzuri. Ina uwezo wote uliohitajika. Hakuuliza tu.

Kuta kwenye mchoro zina sentimita 10. Ndivyo programu ilivyompa, naye akaacha hivyo hivyo. Kuta za shangazi ni za mawe ya inchi 9, na ukiongeza plasta pande mbili zinafika kama sentimita 25. Nyumba ile kwa upana ina kuta nne. Kila ukuta umekula sentimita 15 zaidi ya ilivyochorwa. Nne mara 15 ni 60. Futi mbili. Ploti haipanuki, basi futi mbili zile zikatolewa vyumbani, na sehemu kubwa zaidi ikatolewa kwa shangazi kwa sababu chumba chake ndicho cha mwisho. Kitanda cha mito ya waridi nacho nilikibofya nikasoma vipimo vyake: upana sentimita 140. Ni kitanda cha Ulaya. Sita kwa sita ni 183 kabla ya mbao. Kijana alikuwa na nafasi ya kuandika 190 mahali pa 140, sekunde tano tu, na chumba chote kingempigia kelele.

Nikamuuliza kaskazini iko wapi. "Juu, mzee." Juu ya kioo cha kompyuta, alimaanisha.

Programu hizi nyingi zina dira na zina mahali pa kuandika uko wapi duniani. SketchUp, kwa mfano, ilizaliwa Boulder, Colorado, na usipoiambia uliko, kwa kawaida jua lake ni la kwao, nyuzi 40 kaskazini ya ikweta, ambako jua la adhuhuri liko kusini mwaka mzima. Mombasa iko nyuzi 4 kusini ya ikweta. Kwetu jua hupita utosini mwezi wa Machi na tena Oktoba. Katikati ya mwaka linainama kaskazini, mwisho wa mwaka linainama kusini, na adui wa kila siku ni lile la saa kumi alasiri linalopiga ukuta wa magharibi. Sebule ya shangazi, na vile vioo vyake, inatazama magharibi kabisa. Kwenye picha kuna kivuli kitamu barazani. Kivuli cha Colorado.

Upepo nao haukuulizwa. Mtu yeyote wa pwani anajua kusi hutoka kusini-mashariki, kaskazi hutoka kaskazini-mashariki, na nyumba inayotaka kupumua huwekewa madirisha yanayotazamana ili upepo uingie huku utoke kule. Wazee wa Mji wa Kale walijenga vyumba vyembamba kwa sababu boriti ya mkandaa ina urefu wake na haikopesheki; kipimo kilitoka kwenye mti walioushika mkononi. Wale hawakuwa na kompyuta wala hawakukosea mahali pa kitanda. Nasema hivi bila kuichukia kompyuta. Mzee mmoja ninayemfahamu, anayegombana kwa timazi yake na kila ukuta wa Mishomoroni, amejifunza programu ya Sweet Home 3D akiwa na mjukuu wake, bure, haijamgharimu hata shilingi, na michoro yake inajengeka. Tofauti yake na kijana ni kwamba mzee huanza na tepu.

Kwa hiyo sikilizeni, nyinyi mnaochora na nyinyi mnaochorewa.

Nendeni kwenye ploti kwanza. Pimeni pande zote nne, halafu pimeni kutoka kona mpaka kona, mara mbili, kwa mkato. Mikato miwili ikilingana, na pande zinazotazamana zikilingana, ploti yako ni mstatili wa kweli; zisipolingana, imepinda. Upande wetu huu wa daraja la Nyali zimepinda nyingi, maana wengi tuna nyumba juu ya ardhi ya mwingine, tunalipa kodi ya kiwanja, na mipaka iliwekwa kwa hatua na maelewano. Programu itakufungulia ukurasa wenye pembe zilizonyooka na utadhani Bombolulu ndivyo ilivyo. Sweet Home 3D inakuruhusu kuweka picha ya mchoro wako wa mkono chini, kisha unachora mstari juu ya upande unaoujua urefu na kuiambia: huu ni mita kadhaa. Ukifanya hivyo mambo mengine yote yanakaa kwenye kipimo chake. Usipofanya, unapaka rangi.

Kabla ya kuchora ukuta wa kwanza, weka unene wake na urefu wake. Muulize fundi atatumia mawe ya inchi 6 au 9. Chagua futi au mita, moja, na fundi aijue. Kisha rudi nyumbani na tepu, upime vitu vya mwenye nyumba: kitanda, kabati, friji, meza ya kulia, pipa la maji la jikoni, kwa sababu maji ya mfereji mnajua yanavyokuja na pipa lazima liwe na pake. Viandike vipimo hivyo juu ya vile vya programu. Usiache kiti hata kimoja cha kigeni.

Wachore na majirani. Hili kijana hakulifanya na ndilo lililonikasirisha kuliko kitanda. Zile nyasi za kijani nyuma ya nyumba, kwenye ardhi ya Mungu, ni kisima kinachonywesha nyumba sita. Kwa vile picha ilionyesha uwazi, fundi alichimba shimo la maji machafu papo hapo, hatua chache kutoka kisimani. Chini yetu huku ni mwamba wa matumbawe, una matundu, na kinachoingia shimoni husafiri. Ploti ya futi 40 kwa 80 ina urefu wa mita 24 na kidogo. Humo ndimo nyumba, shimo na kisima cha jirani vinapaswa kuishi pamoja bila kuuana. Hesabu ya aina hiyo haifanyiki juu ya nyasi za kuchora. Weka duara la kisima kwenye mchoro. Weka ukuta wa jirani na dirisha lake la jikoni, ili ujue dirisha lako litavuta moshi wa nani.

Milango nayo. Mlango wa choo cha shangazi umechorwa sentimita 60. Bombolulu, jamani! Mtaa wenye Bombolulu Workshops, karakana za watu wenye ulemavu, tangu 1969, mtaa ambao watu wa viti vya magurudumu tunapishana nao kila asubuhi, mwenyeji wake anachora mlango ambao kiti cha magurudumu hakipiti. Weka 90. Goti la shangazi limeanza kulalamika tayari.

Na ngazi, kwa sababu binti ana ndoto ya ghorofa baadaye. Katika programu hizi ngazi ni kifaa cha kuvuta na kubana. Utaikunja hata iingie mahali pa kabati na haitalia. Ya shangazi ina vidato tisa vya kupanda mita 3. Mia tatu gawa kwa tisa: kila kidato sentimita 33, karibu mara mbili ya kile ambacho mguu wa binadamu hupanda kwa raha, yaani 17 au 18. Ngazi ya haki kwa kimo hicho inataka vidato kama 17, na kwa kanyagio la sentimita 25 inakula takriban mita 4 za sakafu. Kwenye mchoro imepewa 2. Zaidi ya hapo, ghorofa haichorwi na programu ya fanicha. Nguzo, slebu na nondo ni kazi ya injinia aliyesajiliwa, na michoro ipelekwe kaunti ikaidhinishwe. Mwaka 2016 jengo la Huruma, Nairobi, lilianguka usiku wa mvua likazika makumi ya watu. Sitaki mtu aniambie gharama.

Mwisho wa kazi, shuka chini. Programu nyingi zina njia ya kutembea ndani ya nyumba kwa urefu wa macho ya mtu. Ingia mlangoni, geuka koridoni, fungua mlango wa chumba uone unagonga nini. Picha ya kutoka angani ni ya ndege. Halafu chapisha karatasi yenye vipimo vyote, kwa skeli ya 1:50, uipime kwa rula kuhakikisha printa haijaibana: sentimita 6 pale ziwe mita 3 uwanjani. Bandika nakala kwenye stoo ya simiti, nyingine apewe mama.

Nanyi mabinti wa Riyadh, Doha na Muscat, mnaotuma kila mwisho wa mwezi: msilipe kwa picha ya machweo. Ombeni karatasi ya vipimo, mwambieni ndugu asimame uwanjani na tepu, apige video kozi ya kwanza inapowekwa, chumba kwa chumba, namba zikisomeka. Atakayekasirika kwa kuombwa hivyo, pesa yenu msimpe.

Shangazi amesimamisha kazi. Fundi, Mungu ambariki, amekubali kubomoa ukuta mmoja wa ndani na kufukia lile shimo bila malipo. Mawe yaliyovunjika, mchanga na simiti iliyopotea havijapata mwenyewe. Kijana nilipomuuliza alisema anaweza kutengeneza picha mpya kwa shilingi 5,000. Nimempa mpaka Jumatatu afikirie jibu lingine. Duka lake liko njiani mwangu, na jina la mtaa wake nimelitaja tayari. La duka bado.