“Punguza Kula” Ni Nusu ya Jibu

Toleo hili linahusu unene na hamu ya kula, nasi tunalifungua kwa hoja moja: mtu mnene anayekwenda kliniki kutafuta msaada anastahili ushahidi, si lawama.

Simama Mailimoja, Kibaha, mkoani Pwani, jioni. Karai la chipsi linachemka, mayai yanavunjwa, soda zinapoa kwenye ndoo ya barafu. Hatua chache mbele mchuuzi ananadi majani ya chai ya “kukata tumbo”. Ukifika Kisarawe utakuta mihogo ya kuchemsha ingali kifungua kinywa, lakini chipsi nazo zimeshafika. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015–16 ulikuta asilimia 28 ya wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wana uzito uliopitiliza. Wengi wao huambiwa neno moja tu: punguza kula.

Lakini sayansi ya hamu ya kula inasema zaidi ya hapo. Mwaka 1994, Jeffrey Friedman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, waliitambua jeni ya leptini, homoni inayotoka kwenye mafuta ya mwili na kuujulisha ubongo kuwa akiba ipo. Miaka miwili baadaye, kundi la Roger Unger huko Dallas lilichukua kirusi cha adeno, jamii ya virusi vinavyotuletea mafua na macho mekundu, likakiondolea uwezo wa kuzaliana na kukipakia jeni ya leptini. Panya waliotiwa kirusi hicho katika damu walianza kutengeneza leptini kwa wingi kupita kawaida. Kwa siku 28 walikula pungufu kwa asilimia 30 hadi 50, wakaongezeka gramu 22 tu, huku wenzao wakiongezeka zaidi ya gramu 110. Mafuta ya mwili yakatoweka.

Uzito wa jaribio lile uko kwenye makundi ya kulinganisha. Panya wengine walipewa maji ya chumvi. Wengine walipewa kirusi kilekile chenye jeni isiyohusika na njaa, ili ijulikane kama kirusi chenyewe ndicho kinachokondesha. Wengine walipimiwa chakula kiasi kilekile walichokula wenye leptini. Hawa wa mwisho, pamoja na njaa yao yote, walibaki na karibu nusu ya mafuta yao. Kumbe leptini ilifanya kazi nyingine zaidi ya kupunguza ulaji. Bila kundi hilo, tungeridhika na maelezo yasiyotosha.

Hata hivyo, jeni iliyozidishwa inaonyesha inachoweza kufanya ikijazwa kupita kiasi. Haituambii inafanya nini siku zote ndani ya mwili. Tena kinga ya mwili huzisaka seli zilizobeba kirusi, na nguvu ya jeni hufifia baada ya wiki kadhaa. Kwa binadamu mambo ni magumu zaidi: watu wanene wengi wana leptini tele katika damu, ila ubongo hauitikii. Kuwaongezea nyingine hakuwasaidii sana.

Yapo na ya kuhuzunisha. Tarehe 17 Septemba 1999, Jesse Gelsinger, kijana wa miaka 18 mwenye ugonjwa wa kurithi wa ini, alifariki katika jaribio la tiba ya jeni la Chuo Kikuu cha Pennsylvania. Alikuwa ameingiziwa chembe trilioni 38 za kirusi cha adeno katika mshipa wa ini. Tusichanganye hayo na chanjo ya UVIKO-19 ya Janssen iliyozinduliwa nchini Julai 2021: ile ilikuwa na chembe bilioni 50 tu, zilizochomwa msulini. Kirusi ni cha jamii moja, lakini dozi na njia ni tofauti kabisa.

Wala elimu hii si ya mbali. Bagamoyo, mkoa huuhuu wa Pwani, Taasisi ya Afya Ifakara imeshajaribu chanjo ya malaria ya RH5 iliyobebwa na kirusi cha adeno cha sokwe, kwa watu wazima, watoto na vichanga. Watu wanaozijua kazi hizi tunao. Kilichobaki ni kuthubutu kuuliza maswali yetu kuhusu njaa na shibe: mwili wa mama wa Kibaha na wa mwenzake wa Kisarawe unaitikiaje chakula kinachobadilika?

Kwa wahudumu wa afya tunasema: acheni kumhukumu mgonjwa kwa ukubwa wa tumbo lake. Mpimeni sukari na shinikizo la damu, mwulizeni anakula nini na analala saa ngapi. Nawe msomaji, ukiletewa chai, kidonge au sindano ya kukondesha, kabla hujatoa fedha yako uliza: mlilinganisha na nani? Asiyekuwa na jibu, usinunue kwake.