Kigingi cha Mbuzi na Dawa ya Minyoo

Atokaye Mtwara mjini wakati wa mvua, akashika njia iendayo Madimba na Msimbati, hatakosa kumwona chini ya mkorosho mbuzi aliyefungwa kigingini, naye amekwisha kula duara lote la majani kadiri kamba ilivyomruhusu, hata ardhi imebaki upara, na kinyesi chake kimetapakaa humo humo anamokula. Mwenye mbuzi hana nia mbaya, kwani amemfunga ili asiingie katika mihogo na mbaazi za jirani, na ujirani una haki yake. Lakini duara lile ndilo asili ya maradhi ambayo aghalabu tunayatupia lawama husuda, au jua kali, au muuza dawa.

Maradhi hayo huletwa na mnyoo uitwao na wataalamu Haemonchus contortus, nao hukaa katika tumbo la nne la mbuzi, kondoo na ng'ombe. Siku ya Idi ya kuchinja, asafishaye matumbo akilipasua lile la nne kabla halijapoa, huenda akaona nyuzi nyembamba, zisizozidi sentimita 3, zikijinyonganyonga: mstari mwekundu uliosokotwa na mweupe. Wekundu ni damu iliyonyonywa, na weupe ni mifuko ya mayai. Jike mmoja hutaga mayai 5,000 hadi 10,000 kwa siku, na minyoo 5,000 ikikusanyika yakadiriwa kumpotezea mnyama robo lita ya damu kila siku, ilhali damu yote ya mbuzi wa kilo 20 ni kama lita moja na nusu tu.

Mayai hayo hutoka na kinyesi, na katika joto na unyevu wa pwani yetu viluwiluwi huwa tayari kwa muda wa takriban wiki moja, kisha hupanda majani pamoja na umande. Lakini havipandi mbali, na vingi hubaki chini ya kimo cha kiganja. Mbuzi kwa tabia yake ni mla majani ya vichaka, ainuaye kichwa, na paa wa mapori ya Ruvuma, ambaye naye hakusalimika na minyoo, hula hapa akapita kule. Sisi ndio tuliomwinamisha mbuzi, tukamlazimisha arudie sahani ile ile aliyoichafua.

Kisha twakimbilia dawa. Tarehe ikifika, mbuzi wote hunyweshwa, mzima na mgonjwa, kwa kipimo cha kukisia, na pengine kwa kipimo cha kondoo, ilhali dawa nyingi za namna hii huvunjwavunjwa upesi zaidi katika mwili wa mbuzi. Minyoo dhaifu hufa, ile sugu hubaki ikizaliana pasipo mshindani, na hatimaye chupa iliyotusaidia jana huwa maji matupu. Usugu huo umekwisha kuonekana katika nchi nyingi, na jirani zetu wa Kenya wamo.

Afrika Kusini walibuni hekima nyepesi: kadi ya rangi tano, ya kulinganisha na wekundu wa ndani ya kope. Mwenye kope nyekundu huachwa, na mwenye kope iliyopauka hupewa dawa kwa kipimo kamili cha uzito wake. Hakika kope haisemi habari za kila mnyoo, wala si kila upungufu wa damu hutokana na minyoo. Kwa hiyo mbuzi aliyevimba chini ya taya, au ambaye dawa haikumfaa, na aonwe na bwana mifugo, na kinyesi chake kipelekwe kupimwa, maadamu Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania una kituo papa hapa Mtwara.

Basi, ndugu mfugaji, kabla hujatoa fedha kununua chupa nyingine, ng'oa kigingi ukakipige mahali papya, wala usirudi upesi pale pa zamani. Ngoja umande ukauke ndipo umtoe mbuzi. Mkatie matawi umtundikie usawa wa kifua. Kisha umfunue kope, umtazame. Dawa itumike, lakini ije baada ya jicho, isije kabla yake.