Mto Una Mwenyewe

Kijana wetu mmoja anayesoma chuo kikuu huku England ameniletea swali ambalo naona litawafaa wengi kabla joto halijaanza. Wenzake wa darasani wamemwalika kwenda kuvua trauti kwenye mto wa Derbyshire mwishoni mwa Aprili. Tiketi ya siku wamekwisha kuilipia, fimbo ya kuvulia watamwazima, yeye aje na viatu vya mpira na koti la mvua tu. Anauliza: "Shikamoo. Tiketi ikishalipwa, kuna kingine ninachotakiwa kuwa nacho?"

Marahaba, mwanangu. Kipo. Unatakiwa kuwa na leseni yako mwenyewe.

Tiketi na leseni ni ruhusa mbili, zinatolewa na watu wawili tofauti, na moja haishiki nafasi ya nyenzake. Leseni hutolewa na serikali, nayo inakuruhusu wewe, kwa jina lako, kushika fimbo na kuvua. Tiketi hutolewa na mwenye mto, nayo inakuruhusu kuvua pale kwake. Wenzako wamekupatia ya pili. Ya kwanza hawawezi kukupatia kwa kukuazima yao, maana leseni haiazimwi.

Najua kwa nini jambo hili linatuchanganya. Aliyekulia pwani alichukua mshipi, ndoana na kipande cha ngisi, akakaa kwenye jiwe mpaka maji yakajaa, na hakuna aliyemuuliza karatasi. Lakini tusijidanganye kwamba kwetu maji hayana sheria. Vyombo vya uvuvi vina leseni, baruti imepigwa marufuku, na wavuvi wa pweza katika vijiji kadhaa vya Zanzibar na Tanzania bara hufunga miamba yao kwa miezi ili pweza wakue. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa miezi mitatu, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti. Kwa hiyo maji kufungwa si habari mpya kwetu. La ajabu ni mto kuwa na mwenyewe, kama shamba.

Leseni ya serikali

England na Wales zinatumia leseni moja. Kila mwenye umri wa miaka 13 au zaidi anayevua kwa fimbo samoni, trauti, mkunga au samaki wengine wa maji baridi anatakiwa kuwa nayo. Mto Tweed tu, ulioko mpakani na Uskoti, una utaratibu wake. Haijalishi kama unatumia minyoo au nzi wa bandia, yaani ile ndoana iliyofungwa manyoya na nyuzi ikafanana na mdudu. Haijalishi pia kama una nia ya kumla samaki au kumrudisha majini. Ukitupa ndoana, umevua.

Wazazi, shikeni hesabu hii ya umri. Mtoto aliye chini ya miaka 13 hahitaji leseni. Wa miaka 13 hadi 16 anaihitaji, ila anapewa bure. Lazima aombewe kabla ya safari, bure haina maana ya kuachwa. Akifika 17 analipa kama mtu mzima. Wazee wa miaka 66 na zaidi wanapunguziwa bei, na watu wenye ulemavu wanaotimiza masharti pia wanapunguziwa. Mama anayekaa ukingoni na chupa ya chai akitazama, hahitaji chochote. Akishika fimbo ya mwanawe "kidogo tu", anaihitaji.

Leseni ziko za aina mbili kubwa. Moja ni ya trauti na samaki wa kawaida wa maji baridi, na nyingine ni ya samoni na trauti wa baharini, wale wanaopanda mto kutoka baharini kuja kuzaa. Hii ya pili ni ghali zaidi, na mgeni anayekwenda kujaribu kwa mara ya kwanza kwa kawaida haihitaji. Kisha unachagua muda: siku moja, siku nane au miezi 12. Mwanafunzi wa safari moja achukue ya siku moja. Anayetaka kwenda na watoto kila mwezi, ya mwaka itamtoka rahisi, na mwaka wake huhesabiwa kuanzia siku unayochagua ianze, si Januari.

Jambo moja dogo huwakamata watu. Leseni ya trauti huitwa ya fimbo mbili, lakini mtoni ukivua trauti unaruhusiwa fimbo moja tu. Zile mbili ni kwa maziwa na mabwawa, au kwa samaki wa aina nyingine.

Nunua kwenye tovuti rasmi ya serikali, ile ya gov.uk, na bei ya mwaka huu utaiona humo humo. Usiandike jina la leseni kwenye mtambo wa kutafutia ukabonyeza tangazo la kwanza, kwa kuwa wapo wanaouza kitu kile kile kwa kuongeza chao juu. Ukishalipa utapata namba ya leseni. Ipige picha, ihifadhi kwenye simu, na uiandike pia kwenye karatasi, maana mabonde mengi ya mito mizuri hayana mtandao.

Ruhusa ya mwenye mto

Huku, mwenye ardhi ya ukingoni kwa kawaida ndiye mwenye haki ya kuvua mbele ya ardhi yake. Anaweza kuivua mwenyewe, kuikodisha kwa klabu ya wavuvi, au kuiuza kwa tiketi za siku. Ndiyo maana mto mmoja unaweza kuwa na wenyewe kumi katika mwendo wa saa moja kwa miguu. Njia ya waenda kwa miguu ikipita kando ya maji, inakupa haki ya kupita. Haikupi haki ya kuvua.

Kuvua samaki kwenye maji ya mtu bila idhini ni kosa chini ya sheria ya wizi ya mwaka 1968. Kwa hiyo ukiwa na leseni mfukoni bila idhini ya mwenye mto, bado uko makosani. Na ukiwa na idhini bila leseni, uko makosani vile vile.

Tiketi nayo ina masharti yake, na masharti hayo husomwa mara chache kuliko yote. Mengine yatakuambia nzi wa bandia tu, minyoo marufuku. Mengine yatataka ndoana isiyo na kishale, ili samaki atoke bila kuchanika. Mengine yatakuonyesha daraja la kuanzia na mti wa kuishia. Mwombe mwenzako akutumie picha ya tiketi leo, uisome nyumbani kwa utulivu, si asubuhi ile mkiwa mmesimama kwenye baridi.

Kalenda

Mwishoni mwa Aprili pana mtego. Kuanzia tarehe 15 Machi hadi 15 Juni, zote mbili zikiwemo, mito yote ya England na Wales hufungwa kwa samaki wa kawaida wa maji baridi, kwa sababu ndio wakati wao wa kutaga. Trauti ana kalenda yake, naye hufungwa majira ya baridi, na tarehe za kufunga na kufungua hutofautiana kutoka eneo hadi eneo. Kwa hiyo siku ile ile, kwenye maji yale yale, anayevua trauti anaweza kuwa kwenye haki na anayemtafuta samaki mwingine akawa kwenye kosa. Samaki asiye wa msimu akikunasia kwa bahati mbaya, mtoe ndoana taratibu, mrudishe majini papo hapo.

Samoni ana ulinzi mkali zaidi kwa kuwa amepungua. England, samoni yeyote aliyevuliwa kabla ya tarehe 16 Juni hurudishwa. Wales, tangu mwaka 2020, kila samoni aliyevuliwa kwa fimbo hurudishwa, mwaka mzima. Mkunga aliyevuliwa kwa fimbo naye hurudishwa akiwa hai.

Wa kupika je?

Hapa ndipo wengi wetu tunapokunja uso. Kwetu kuvua ni kitoweo. Mtu kulipa pesa, kusimama ndani ya maji baridi siku nzima, kumpata samaki na kisha kumwachia, kunaonekana kama mchezo wa wasio na njaa. Sitabishana na mtu juu ya hilo. Ninachosema ni kwamba kwenye mito mingi ya trauti ndiyo kanuni, na samaki uliyemficha kwenye mfuko ni samaki wa kuiba.

Ukitaka samaki wa nazi, chagua mahali panapokuruhusu. Yapo mabwawa yanayopandikizwa trauti, na tiketi zake huuzwa kwa idadi: unalipia samaki wawili au wanne wa kwenda nao nyumbani. Leseni ya serikali inahitajika hapo pia. Na mwenzangu wa pwani ambaye roho yake iko baharini, habari njema: kuvua samaki wa baharini kwa fimbo ukiwa ufukweni au gatini hakuhitaji leseni hii, ingawa kuna samaki wenye vipimo vya chini vya urefu, na baadhi ya magati yana kanuni zake. Zisome kabla ya kumtia mtu kwenye ndoo.

Ukivuka mpaka

Ukienda Uskoti, sheria inabadilika. Huko hakuna leseni ya serikali ya fimbo, isipokuwa eneo la mto Esk la mpakani, lakini idhini ya mwenye maji ni ya lazima, na kwa samoni iwe ya maandishi. Samoni havuliwi siku ya Jumapili. Trauti wa asili hufungwa kuanzia tarehe 7 Oktoba hadi 14 Machi. Ireland ya Kaskazini ina leseni zake yenyewe, na ile uliyonunua England haikufai kitu huko. Ukienda kwa waliokata masikio, nawe kata lako, lakini uliza kwanza ni sikio lipi.

Kwa nini nasisitiza

Mimi mwenyewe nimekaguliwa mara mbili kando ya mto. Mara zote alikuwa mtu mpole, akanisalimia, akauliza nimepata nini, kisha akaomba leseni. Ofisa uvuvi na polisi wana mamlaka hayo. Hata mvuvi mwenzako akikuonyesha yake, sheria inamruhusu kukutaka uonyeshe yako. Usimwone kuwa mbaguzi kwa hilo tu. Ukiulizwa jina na anwani, toa za kweli. Kukataa ni kosa jingine juu ya lile la kwanza.

Faini ya kuvua bila leseni yaweza kufika pauni 2,500. Lakini kwa watu wa safari kama sisi, pesa siyo hasara kubwa kuliko zote. Hili ni kosa la jinai linalopelekwa mahakamani, si kama karatasi ya kuegesha gari vibaya. Fomu za viza na za uraia huuliza kuhusu hukumu za mahakama, zikiwemo zile zilizoishia kwa faini. Mwenyeji akitozwa atanung'unika, atalipa, atasahau. Wewe utaiandika kwenye fomu miaka kadhaa baadaye, na utatakiwa kuieleza. Ambaye tayari yamemfika na ana shauri la uhamiaji, asiyafiche; amwone mwanasheria wake kabla ya kujaza chochote.

Sijasema haya ili watu waogope mto. Fedha ya leseni hurudi kwenye kazi ya maji: kutunza mito, kupandikiza samaki na kuwakamata wanaovua kwa wizi. Na familia zetu zina haki ya kuwa pale kama familia nyingine yoyote. Nawaona watoto wetu wakikaa Jumamosi nzima na simu, na maji yako kilomita chache kutoka mlangoni. Mtoto wa miaka 14 leseni yake ni bure. Kinachohitajika ni mzazi wa kukaa naye dakika chache kwenye kompyuta.

Kwa hiyo, mwanangu, kabla ya siku hiyo fanya haya. Nunua leseni ya siku moja ya trauti, ukihakikisha tarehe na saa ya kuanza ni zile za safari. Soma tiketi ya wenzako na uhakikishe jina lako au idadi yenu imo. Waulize kama samaki wanarudishwa. Osha na ukaushe viatu vya mpira kabla ya kwenda na baada ya kurudi, maana magonjwa na viumbe wageni husafiri kutoka mto hadi mto kwenye tope la viatu. Na fimbo ya kuazima irudishe ikiwa kavu.

Ukimpata trauti, mtazame vizuri kabla ya kumwachia. Ana madoa kama chui. Wenzetu wa mito ya Mlima Kenya na Aberdare wanamjua, kwa kuwa Waingereza walimpeleka huko mwanzoni mwa karne ya 20, na yumo mpaka leo. Mwenye kuvuliwa huku na wenye kumvua, wote wamesafiri.