Haki ya Njia

Alasiri moja nilikuwa nimeketi barazani, Mji wa Kale hapa Mombasa, kikombe cha kahawa mkononi, nikamwona mwanamke akija peke yake. Mgeni, alionekana wazi: katoka Marikiti na kikapu chake cha viungo, autafuta mtaa wa Biashara akanunue leso. Vijana wawili wakamfuata. Mmoja akampigia mbinja, wa pili akamshika mkono, ati amwonyeshe duka. Akajipokonya. Nasi wazee wanne tulikuwapo, kimya, twapuliza kahawa.

Alipotufikia alitoa salamu, kisha akaniuliza mimi mwenye mvi: "Baba, hamkuona?"

Niliona. Jibu sikuwa nalo.

Likitokea jambo kama hili, sisi huuliza kwanza: alivaa nini? Kwa nini alitoka peke yake? Ilhali tuliosoma chuoni twajua kuwa aya ya 30 ya Surat An-Nur yawaamrisha wanaume wainamishe macho, ndipo aya ya 31 iwageukie wanawake. Twaihubiri ya pili, ya kwanza twairuka. Na iko Hadithi aliyoipokea Abu Said al-Khudri, imo katika Bukhari na Muslim. Mtume (S.A.W.) aliwakataza masahaba kukaa njiani, walipomweleza kuwa vikao vile hawana budi navyo, akawataka basi waipe njia haki yake: kuinamisha macho, kuzuia udhia, kuitika salamu, kuamrisha mema na kukataza maovu. Kuitika salamu, naam, hapo hatuna mpinzani.

Wako wanaoitamani zamani ya shiraa, ile hema ya nguo ambayo mwanamke wa kiungwana wa Lamu alitembea ndani yake, ikichukuliwa na watumwa. Haya, na mjakazi aliyeishika miti yake, yeye alistiriwa na nani?

Sheria ipo. Mwaka 2014, baada ya wanawake kuvuliwa nguo hadharani Nairobi, Kenya ilitunga adhabu kali kwa kitendo hicho. Lakini askari hayuko katika kila kichochoro. Sisi tuko, tangu alasiri hata magharibi, na vijana wale twawajua kwa majina ya baba zao.

Niliinuka, nikamsindikiza hadi dukani. Alinunua doti mbili, akanishukuru kwa adabu. Nilipomwambia nitamrudisha kwa njia ile ile, alitikisa kichwa, akashika barabara ya Digo.